Dogo anadai klabu mishahara ya miezi 3, na kuna ajenti anamvuta Tanzania. Tufanyeje?

Kaka wa Kiungo

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa niaba ya mdogo wangu. Ana miaka 20, ni kiungo mkabaji, na anachezea klabu ya Ligi Kuu hapa Nairobi. Kandarasi yake inakwisha 30 Juni 2027. Mshahara ni Sh45,000 na sasa anadai miezi 3. Alichezea Rising Stars, timu ya taifa ya vijana, mechi za kufuzu, na mwaka huu ameitwa kambini Harambee Stars, timu ya taifa ya wakubwa, ingawa hajawahi kuingia uwanjani.

Kuna jamaa anayejiita ajenti. Anasema klabu moja ya Ligi Kuu Tanzania inamtaka dirisha dogo la usajili kwa mshahara wa kama Sh100,000 za Kenya. Anataka tumtumie Sh120,000 kwa M-Pesa, eti za ITC na kibali cha kazi. Kwenye karatasi aliyotuletea ameandika kwamba dogo akiuzwa mbele, yeye atapata asilimia 20. Juu ya hayo anasema kwa kuwa mama yetu ni Mtanzania, dogo achukue pasipoti ya Tanzania ili asihesabiwe mchezaji wa kigeni.

Je, anaweza kuondoka sasa? Huyu jamaa ni wa kuaminika? Na Harambee Stars itakuwaje? Mzee anasema avumilie, mama anasema aende. Wenye kuyajua haya naomba mnifafanulie.

Karani wa Usajili

Kaka, usitume hata shilingi. ITC, yaani cheti cha uhamisho wa kimataifa, haiuzwi. Kanuni za FIFA zinasema hutolewa bure, bila masharti na bila ukomo wa muda. Tena mchezaji haiombi, wala ajenti haiombi. Klabu ya Tanzania inaingiza uhamisho kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho mtandaoni, TFF (shirikisho la soka la Tanzania) inaiomba FKF (shirikisho la Kenya) kupitia mfumo huohuo, FKF inaiuliza klabu ya sasa kama kandarasi imekwisha au wamekubaliana, kisha inajibu. Hakuna mahali popote M-Pesa inapoingia hapo. Kibali cha kazi nacho huombwa na mwajiri akiwa na kandarasi iliyotiwa saini. Ada yake ailipe klabu, na hilo liandikwe ndani ya kandarasi, lisiachwe kwenye maneno ya simu.

Tukija kwa jamaa mwenyewe. Tangu 1 Oktoba 2023, kazi ya uajenti inataka leseni ya FIFA, na leseni hupewa mtu aliyefaulu mtihani, haipewi kampuni. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA. Mwombe jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho pamoja na namba ya leseni, uyalinganishe wewe mwenyewe. Wengi hapa mjini hukwambia "leseni ni ya bosi, mimi namfanyia kazi". Basi bosi aje aketi mezani na atie saini yeye. Mkataba wa uwakilishi hauwezi kuzidi miaka 2, na lazima uonyeshe majina, muda, kazi atakayofanya, ada yake na saini za wote wawili. Karatasi isiyo na hayo msiiguse.

Ile asilimia 20 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtu wa nje kumiliki fungu la ada ya mauzo ya mchezaji kumepigwa marufuku na FIFA tangu Mei 2015, na adhabu inaweza kumfikia mchezaji mwenyewe pia, si klabu peke yake. Anayeruhusiwa kuandikiwa fungu la mauzo yake ni mchezaji. Kwa hiyo kama mnataka kupigania asilimia yoyote mezani, pigania hiyo, na iandikwe kwa jina la dogo.

Kuhusu ada ya ajenti: kanuni ziliweka ukomo wa asilimia 5 ya mapato ya mchezaji hadi dola 200,000 kwa mwaka, na asilimia 3 kwa kinachozidi hapo. Mwisho wa Desemba 2023 FIFA ilisimamisha utekelezaji wa ukomo huo kwa sababu ya kesi za Ulaya, lakini bado ni kipimo kizuri cha kuanzia maongezi. Piga hesabu: Sh100,000 mara miezi 12 ni Sh1,200,000. Asilimia 5 yake ni Sh60,000 kwa mwaka mzima. Huyu anataka mara mbili ya hiyo kabla dogo hajapanda hata basi la Tanga.

Mpenda Kandarasi

Naongezea kwa upande wa klabu ya sasa, maana hapo ndipo vijana wengi wanapojichoma.

Kwanza, klabu ya Tanzania haina ruhusa ya kuzungumza na dogo kabla ya kuiandikia klabu yake, isipokuwa kandarasi iwe imekwisha au imebakiza miezi 6 au chini ya hapo. Muulizeni huyo jamaa aonyeshe barua ya ombi kutoka kwa klabu hiyo, yenye kichwa cha barua, saini na barua pepe rasmi. Kama barua haipo, hakuna ofa.

Pili, deni la mishahara. Kwenye kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara isiyopungua miwili ana sababu halali ya kuvunja kandarasi, mradi aipe klabu notisi ya maandishi na muda usiopungua siku 15 wa kulipa lote. Hicho kifungu ni cha kesi zenye sura ya kimataifa. Mkenya akiidai klabu ya Kenya, kesi ni ya ndani, hivyo someni kwanza kandarasi yenu na kanuni za FKF mwone vinasema nini kuhusu kuvunja mkataba. Hata hivyo fuateni njia ileile ya notisi, kwa sababu ikifika mbele ya mwamuzi yeyote, ushahidi wenu utakuwa umesimama.

Notisi iwe ukurasa mmoja. Taja kandarasi na tarehe yake, kila mwezi usiolipwa kwa jina lake na kiasi chake, tarehe ambayo kila mshahara ulipaswa kuingia, jumla (kwa kwenu ni Sh135,000, ukiongeza marupurupu ya mechi kama yameandikwa), namba ya akaunti, na siku ya mwisho ya kulipa. Sema wazi kwamba muda ukipita bila malipo, atavunja kandarasi kwa sababu halali. Itumwe kwa barua pepe rasmi ya klabu, na nakala ipelekwe ofisini kwa mkono igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mlinzi wa getini akiipokea bila muhuri, hesabu kwamba haijapokelewa. Nakala nyingine wapeni KEFWA, chama cha wachezaji, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, muungano wa dunia wa vyama vya wachezaji, na kazi yake ni mambo kama haya, na nyingine ifike FKF, Kandanda House kule Kasarani.

Halafu kuna kosa linaloua kesi nyingi. Kijana akishaandika notisi anaona amekwisha kuwa huru, anaacha kwenda mazoezini. Klabu inaandika rejista: hakufika Jumatatu, hakufika Jumanne, ametoroka kazi. Sasa mwenye kosa ni yeye. Dogo aende kila siku, afike mapema, ajaze rejista, na kama wamemtoa kikosini aombe hilo kwa maandishi. Ahifadhi taarifa za benki au za M-Pesa za mwaka mzima zinazoonyesha lini mshahara uliingia na lini haukuingia.

Klabu ikilipa deni lote kabla ya siku ya mwisho, sababu imekufa na kandarasi inaendelea. Ikileta nusu, mpokee, lakini msisaini karatasi yoyote inayosema "nimelipwa yote" au "sina madai". Na mara nyingi kuna njia ya katikati ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote: klabu yenye deni na isiyo na pesa hukubali kumwachilia mchezaji ili deni lipungue. Mnaketi, mnaandika kwamba pande zote mbili zinamaliza kandarasi kwa hiari, deni linalobaki litalipwa tarehe fulani, na klabu inampa barua ya kumwachilia siku hiyohiyo. Msiondoke chumbani bila barua.

Mkishindwana kabisa, Mahakama Maalum ya Mizozo ya Michezo, iliyoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013, husikiliza mizozo ambayo pande zote zimekubali kuipeleka huko, pamoja na rufaa za maamuzi ya mashirikisho. Mshahara pia ni suala la ajira, kwa hivyo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko wazi.

Mtanga wa South B

Ndugu, mimi naomba nizungumzie pasipoti, maana ushauri aliopewa dogo ni wa hatari na naona watu wanaupita kimyakimya.

Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, na anayechukua uraia mwingine anatakiwa kulitaarifu taifa ndani ya miezi 3. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Hadhi maalum ambayo serikali iliileta kwa watu wenye asili ya Tanzania si uraia na haimpi mtu pasipoti. Kwa hiyo dogo mwenye miaka 20 na kitambulisho cha Kenya, akitaka pasipoti ya Tanzania kihalali, itambidi aukane Ukenya.

Akiukana Ukenya, Harambee Stars imekwenda, kwa sababu huwezi kuchezea nchi usiyo raia wake. Je, atachezea Taifa Stars ya Tanzania? Hapo sasa ndipo pana mtego. Alishachezea Rising Stars kwenye mashindano rasmi. Mchezaji aliyecheza mechi rasmi za vijana anaruhusiwa kubadilisha nchi mara moja tu, na kama hakuwa na uraia wa nchi ya pili siku ya mechi yake ya kwanza rasmi, kuna masharti zaidi, likiwemo la kuwa hajafikisha miaka 21 alipocheza mara ya mwisho. Tena si jambo la moja kwa moja, ni lazima FIFA ikubali ombi. Ombi likikwama, atabaki hana timu ya taifa yoyote, kwa ajili ya nafasi moja ya mchezaji wa kigeni kwenye kikosi cha klabu.

Na akidanganya makaratasi ili aonekane alikuwa raia tangu zamani, kuna uhamiaji wa nchi mbili, kuna TFF, kuna FKF, na wapinzani wa klabu hiyo wana haki ya kukata rufaa. Aende kama Mkenya, na pasipoti yake ya Afrika Mashariki. Klabu inayomhitaji kweli itampa nafasi ya kigeni.

Jambo moja dogo la vitendo: kwetu Tanzania pesa nyingi iko kwenye ada ya usajili kuliko kwenye mshahara. Mchezaji huahidiwa, akapewa nusu siku ya saini, nusu nyingine ikawa hadithi. Mkataba utaje jumla ya ada ya usajili, awamu zake, na tarehe ya kila awamu. Uulize pia mshahara uliotajwa ni kabla ya makato ya kodi au baada ya makato, na uandikwe hivyo.

Kaka wa Kiungo

Nimewaelewa sana, shukrani. La pasipoti tumelifunga leo hii, mama mwenyewe amekubali. Sasa nauliza: akienda Tanzania kama Mkenya, klabu inaweza kumzuia asije Harambee Stars? Na je, akicheza mechi moja ya Stars amefungwa milele, asiweze kuchezea nchi nyingine? Pia mzee anauliza kama si bora abaki hapa aonekane na makocha wa taifa.

Kocha wa Toyoyo

Klabu yoyote duniani inalazimika kumwachilia mchezaji katika siku za FIFA, yaani siku zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa, na kwa fainali za Kombe la Dunia au za bara, akiitwa kwa maandishi angalau siku 15 kabla ya siku hizo kuanza. Nje ya hapo hailazimiki, na mashindano ya vijana kwa kawaida hayamo. Safari ni juu ya shirikisho linalomwita. Akimaliza anatakiwa arudi klabuni ndani ya saa 24, au 48 kama mechi ilichezwa bara lingine. Wachezaji wengi hupoteza namba klabuni kwa kuchelewa kurudi siku moja au mbili, na hakuna anayewatetea.

Kuhusu kufungwa: mechi ya kirafiki peke yake haimfungi. Mwenye uraia wa nchi mbili tangu mwanzo anaweza kubadilisha hata baada ya kucheza timu ya wakubwa, tangu kanuni zilipolegezwa 2020, ikiwa alicheza mechi zisizozidi 3, zote kabla ya kufikisha miaka 21, imepita miaka 3 tangu ya mwisho, na hakugusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Kwa dogo wenu, la pasipoti mmeshalifunga, kwa hivyo acheze kwa moyo mweupe.

Hoja ya mzee ina uzito kwa kitu kimoja, nacho ni CHAN, mashindano ya Afrika ya timu za taifa, kama yataendelea kuwapo. Ni ya wanaocheza ligi ya nchi yao tu. Ile ya Agosti 2025 iliyochezwa hapa, Tanzania na Uganda, Stars waliishinda Morocco 1-0 pale Kasarani, wakafika robo fainali. Ryan Ogam, mfungaji wa bao hilo, alitoka Tusker akaenda Wolfsberger ya Austria mwaka huohuo. Dogo akiwa Tanzania, CHAN haimhusu tena. Lakini Kombe la Afrika la 2027 linakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na hilo haliangalii unacheza ligi gani, linaangalia kama unacheza.

Nasisitiza neno hilo, kucheza. Mshambuliaji wetu Olunga hakuruka kutoka hapa hadi Japan. Alipita Thika United, akapita Gor Mahia, akaenda Djurgården ya Sweden 2016, kisha Uchina na Uhispania, ndipo akafika Kashiwa Reysol, na 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 28. Kiungo wetu Wanyama alipita Helsingborg na Beerschot kabla ya Celtic, na Southampton ilimchukua 2013 kwa pauni milioni 12.5. Ngazi zote hizo zilikuwa za dakika uwanjani. Uingereza ya leo ingemdai pointi za kibali cha kazi, na mechi za timu ya taifa iliyo nje ya 50 bora za FIFA hazimpi mchezaji pointi. Kwa hiyo kukaa benchi la klabu tajiri akingoja kuitwa Stars ni hasara. Na Stars yenyewe inaweza kusimama kwa mambo yasiyomhusu: kuanzia Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA, na hakuna aliyecheza hata angekuwa na kipaji gani.

Swali la kumuuliza kocha wa klabu hiyo kabla ya saini: una viungo wakabaji wangapi, na kandarasi zao zinakwisha lini?

Mpenda Kandarasi

Kocha, nakubaliana nawe, ila kuna hatari moja kwenye dirisha dogo ambayo haijasemwa. Mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu 3 katika msimu mmoja, lakini mechi rasmi anachezea 2 tu. Dogo ameshacheza hapa msimu huu. Akienda huko akacheza hata dakika 5, nafasi zimekwisha. Kocha akifukuzwa Februari na mpya asimtake, hana pa kwenda hadi msimu mpya. Ndiyo maana mimi ningependelea afukuzie deni lake sasa, amalize msimu akicheza, aondoke dirisha kubwa akiwa na barua mkononi. Akiamua kwenda sasa, kandarasi isiwe ya miezi 6, iwe angalau ya mwaka mmoja na nusu.

Na huko akicheleweshewa mshahara, kile kifungu cha mishahara miwili na siku 15 kitamhusu moja kwa moja, kwa kuwa ni Mkenya katika klabu ya Tanzania. Kesi inaenda Mahakama ya Soka ya FIFA, mchezaji halipi ada, inafunguliwa mtandaoni, lakini isipite miaka 2 tangu tukio. Klabu ikishindwa kesi na isilipe ndani ya siku 45, hufungiwa usajili hadi madirisha 3 mfululizo. Hiyo adhabu ndiyo inayowafanya walipe. Someni kipengele cha mizozo: kikisema kesi zote ziende chombo cha ndani pekee, ombeni kiondolewe.

Fizio wa Dandora

Kandarasi isiseme "itaanza akifaulu vipimo vya afya". Kanuni za FIFA haziruhusu sharti hilo, wala la kibali cha kazi. Vipimo vifanywe kwanza, saini ifuate, na dogo apewe nakala za picha za goti na kifundo, pamoja na kipimo cha moyo. Siku atakapoumia, ataweza kuonyesha alikuwaje alipofika.

Kipengele cha majeraha kitaje nani analipa upasuaji, hospitali inachaguliwa na nani, na mshahara unaendelea kwa muda gani. Kano ya mbele ya goti ikikatika, kurudi uwanjani huchukua karibu miezi 9 au zaidi. "Klabu itagharamia matibabu" bila maelezo mara nyingi huishia kwenye dawa za maumivu. Ile bima ya FIFA ya wanaoumia wakiwa na timu ya taifa ya wakubwa hulipa klabu, kwa jeraha linalozidi siku 28. Haimlipi mchezaji mkononi.

Mlezi wa Chipukizi Umoja

Tafadhali msiwasahau waliomlea. Klabu ikilipa ada ya uhamisho wa kimataifa, asilimia 5 yake hugawiwa timu zilizomfunza: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Ada ikiwa dola 100,000, timu ya mtaa iliyokuwa naye misimu 3 kuanzia miaka 16 inapata dola 1,500. Mipira mingapi hiyo! Lakini hulipwa timu iliyosajiliwa FKF na iliyomsajili mtoto. Timu nyingi za mitaani hucheza na majina ya daftarini tu, kisha zinaambulia patupu. Dogo aombe FKF rekodi ya usajili wake wote na aikague mwaka kwa mwaka. Kama kuna msimu haupo, urekebishwe sasa kabla uhamisho haujaanza.

Kaka wa Kiungo

Nashukuru sana wakuu, Mola awabariki. Notisi tunaiandika wikendi hii, na jamaa nimemwomba namba ya leseni, hajajibu tangu jana. La mwisho: dogo hana akaunti ya benki, mshahara huingia kwa M-Pesa yake na mara nyingine kwa yangu. Kwenye notisi niweke akaunti yangu?

Karani wa Usajili

Hapana, kaka. Afungue yake kesho, benki yoyote, kitambulisho na PIN ya KRA vinatosha. FIFA, klabu na FKF wote wanamjua mchezaji, hawamjui kaka yake, na pesa iliyoingia kwako klabu inaweza kusema ilikuwa ya kitu kingine. Zile zilizowahi kupita kwako ziorodheshe kwa tarehe na kiasi, uzitoe kwenye hesabu ya deni kabla hamjapeleka notisi, la sivyo wataanza kwa kubishia jumla.